60 si 60: jinsi ya kuchagua fimbo za kuchomelea za kuvisha baketi na meno ya kijiko

Mwenye kijiko alinipigia simu akiwa Lugoba, kwenye machimbo ya kokoto. "Fundi, baketi imeisha. Njoo na fimbo za sitini." Nikapita Gerezani, Dar es Salaam, nikakuta pakiti za watengenezaji wawili, zote zimeandikwa 60, moja bei yake iko chini kidogo. Nikabeba za bei ya chini nyingi na pakiti moja ya zile ghali, moyoni nikisema 60 ni 60. Kule site nikaanza na zile nyingi upande wa kushoto wa baketi. Zilipoisha nikamalizia upande wa kulia kwa zile ghali.

Wiki kadhaa baadaye opareta akaniita nikatazame. Kushoto, mdomo ulikuwa bado una umbo lake, ila sakafu ya baketi ilikuwa imelambwa laini kama kipande cha sabuni. Kulia, mistari niliyochomelea sakafuni ilikuwa imesimama kana kwamba nimeichora jana, lakini pale mdomoni panapopiga mwamba ilikuwa imebanduka vipande vipande. Fimbo moja ilivumilia kipigo ikashindwa na mchanga. Nyingine iliuweza mchanga, kipigo kikaishinda. Na zote zilikuwa 60.

Ninayoandika hapa ni kwa fundi anayejua tayari kushika mashine ya kuchomelea, amezoea mageti, grili na trela, na sasa ameitwa kwenye kijiko, greda au tingatinga. Kazi yenyewe, ya kuvika chuma kilicholika ngozi ngumu, mafundi wengi tunaiita hadifesi tu.

Kwanza, hiyo 60 inasema nini

Namba 60 ni kipimo cha Rockwell C. Kichongoo cha almasi kinabonyezwa kwenye chuma, na kadiri kinavyozama kidogo ndivyo namba inavyopanda. Kinapima ugumu wa jumla wa pale kilipobonyezwa. Hakikuambii ndani ya chuma hicho mna nini.

Soma herufi zinazoizunguka namba. Pakiti nyingi bado zinabeba alama za Kijerumani za DIN 8555, ingawa kiwango hicho kimeshapisha EN 14700 ya Ulaya. Ile fimbo yangu ya bei ya chini ilikuwa E 6-UM-60. Ile ghali ilikuwa E 10-UM-60. Tofauti iko kwenye namba ya kwanza. Kundi la 6 linaacha chuma kigumu cha aina moja mwili mzima, kama patasi iliyokaangwa na kuzimwa vizuri. Kundi la 10 linaacha kitu kingine kabisa: chuma chenye kaboni nyingi na kromu nyingi, mara nyingi asilimia 20 hadi 30 na zaidi, na ndani yake zimetapakaa punje za kabaidi ya kromu. Usiichanganye na ile kabaidi ya kutengenezea gesi. Hizi ni punje ngumu zilizoshikwa na chuma kama kokoto zilivyoshikwa na saruji kwenye zege.

Linganisha sasa kwa kipimo cha Vickers, kinachoweza kupima hata punje moja. Chuma kigumu cha 60 Rockwell kina Vickers kama 700. Kwatzi, yale mawe meupe yanayong'aa yaliyojaa kwenye itale na kwenye mchanga wa mto, ina kama 1,000 hadi 1,100. Punje za kabaidi ya kromu zinafika 1,500 na kuendelea. Maana yake, mchanga wenye kwatzi ni mgumu kuliko ile fimbo yangu ya kwanza: kila punje inayopita inaikwaruza, taka usitake. Kwa fimbo ya pili mchanga unakutana na kitu kigumu kuliko wenyewe. Ndiyo maana sakafu ya kulia ilibaki. Lakini zege hilo hilo halipendi nyundo, na mdomo wa baketi unapigwa nyundo kutwa nzima.

Kwa hiyo swali la dukani lisiwe "ipi ngumu zaidi?" Uliza kwanza ni nini kinachokula chuma chako, halafu uliza hicho chuma cha chini ni cha aina gani.

Soma jeraha kabla ya kufungua mkoba

Osha baketi. Usikubali kuonyeshwa baketi yenye matope ukaambiwa "unaona mwenyewe". Ikikauka, itazame kwa mwanga wa pembeni, asubuhi na mapema au kwa tochi iliyolazwa karibu na chuma.

Ukiona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja na chuma kinang'aa kama kioo, anayekula hapo ni mchanga na vumbi la mawe. Ukiona mifereji mipana, kama mtu amepitisha patasi, hayo ni mawe makubwa yenye pembe yanayoburuzwa kwa nguvu. Ukingo uliofumuka ukakunjika kama uyoga, au uliomeguka, umepigwa. Na palipong'aa huku pana mabonde yanayofanana na kitu kinachopakana napo, kama jino la sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, na bushi ya cheni, hapo ni chuma kinasaga chuma kingine.

Baketi moja hubeba majeraha mawili au matatu kwa pamoja. Meno na mdomo vina kipigo na mifereji. Sakafu na kisigino vina mikwaruzo. Mashavu ya pembeni yana vyote, kidogo kidogo. Fundi anayevisha baketi nzima kwa fimbo moja lazima atakosea mahali fulani, kama nilivyokosea mimi.

Halafu uliza jiwe. Kijiko kinachopakia mawe ya chokaa na matumbawe, kama yale ya Wazo, kinakutana na kalsaiti, yenye ugumu wa 3 kwenye ngazi ya Mohs. Kwatzi ni 7. Ukiwa huna mtu wa kumuuliza, okota jiwe ulikwaruzie kwenye chupa ya soda. Likiacha alama inayosikika kwa ukucha bila wewe kutumia nguvu, hesabu kwamba kuna kwatzi. Nikikuta chokaa tupu kwa kawaida simshauri mwenye mashine anunue kundi la 10. Fimbo ya kundi la 6, au hata ya ugumu wa kati, itamtosha na pesa itabaki mfukoni.

Jua chuma cha chini, kwa sumaku kwanza

Beba sumaku. Ile ya spika mbovu ya redio inafaa sana. Saga kidogo pale unapotaka kupima, kwa sababu ngozi ya juu iliyopigwa sana hudanganya, kisha gusisha.

Isiposhika, na kitu chenyewe ni taya la krasha, ile mashine ya kuvunja mawe, nyundo ya krasha au jino zito la zamani, una chuma cha manganizi mkononi. Mwingereza Robert Hadfield ndiye aliyekibuni mwaka 1882 kule Sheffield: manganizi karibu asilimia 12, kaboni kidogo zaidi ya asilimia 1. Kikitoka kiwandani si kigumu, kama 200 tu kwa Brinell, kipimo kingine cha ugumu, lakini kila kinapopigwa ngozi yake inakaza, hadi 500 hivi, huku ndani kikibaki chepesi kupinda. Ni chuma cha ajabu, na adui yake mkubwa ni joto. Kikipashwa na kukaa juu ya nyuzi 260 za Selsiasi kinaanza kuwa dhaifu kama kigae. Taya la kwanza la krasha nililowahi kurekebisha nililipasha moto vizuri kwa gesi, kama nilivyofundishwa kufanya kwa chuma kinene. Nikachomelea mfululizo mpaka likabadilika rangi. Lilipasuka vipande viwili siku ya pili, nikalilipa kwa mikono yangu.

Sumaku ikishika, una chuma cha kawaida au cha aloi, na hapo kuna mambo matatu ya kutofautisha. Sahani ya sakafu ya baketi za zamani mara nyingi ni chuma laini: tupa inakula bila shida. Sahani za kisasa za kuzuia kulika, za aina ya Hardox na ndugu zake, tupa inateleza juu yake. Ugumu wa hizi umetengenezwa kwa kuzimwa kiwandani, na ukizipasha kupita nyuzi 250 unaurudisha nyuma. Meno ya kisasa ni chuma cha aloi kilichosubiwa au kufuliwa kisha kikakazwa. Yanachomeleka, lakini bila kuyapasha joto kwanza ufa unaanzia chini ya mshono, mahali usipouona.

Kujenga na kuvisha ni kazi mbili

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mdomo umelika sentimita mbili, fundi anaanza kupanga kundi la 10 tabaka juu ya tabaka mpaka umbo lirudi. Fimbo hii haijengi. Inafaa tabaka mbili, ikizidi sana tatu, karibu milimita 6 hadi 8 kwa jumla. Ukipita hapo inabanduka kama tope lililokauka ukutani, na safari nyingine inaondoka na kipande cha chuma cha chini.

Umbo linarudishwa kwa fimbo ya kujengea. Kwenye chuma laini na cha aloi ninatumia E7018, ile fimbo ya haidrojeni kidogo, au E 1-UM-350 (350 hapa ni Brinell, si Rockwell) pale ninapotaka msingi mgumu kidogo utakaolibeba tabaka la juu bila kubonyea. Ngozi ngumu juu ya godoro laini hupasuka jiwe la kwanza likitua. Kwenye manganizi jenga kwa manganizi: E 7-UM-250 yenye herufi K na P mwishoni, au kwa alama za Kimarekani zile za EFeMn. K inasema inakaza ikipigwa, P inasema inavumilia kipigo. Usiweke 7018 moja kwa moja juu ya manganizi. Vyuma hivyo viwili vikichanganyika vinatengeneza mstari mwembamba unaokatika kama biskuti, na jino litaanguka likiwa na mshono wako mzima mzima.

Pale usipojua kabisa chuma cha chini ni kipi, au unapounganisha manganizi na chuma cha kawaida, kuna fimbo za chuma kisichoshika kutu, 309, 307 na 312. Hizi ni za tabaka moja la kati, la mto wa kulalia, na za kuziba nyufa. Ni ghali mno kujengea. Lakini tabaka moja la 307 chini ya kundi la 10 limeniokoa mara nyingi, kwa sababu nyufa za juu zinafika pale zinasimama.

Na 6013, ile fimbo ya mageti? Najua kwa nini inatumika kila mahali: mashine nyingi za gereji ni transfoma za kusukwa hapa hapa, umeme wa AC, volti ndogo, na 7018 ikiwekwa pale inazimika-zimika kama kibatari kwenye upepo. Hilo ni tatizo la mashine. Ukijenga mdomo wa kijiko kwa 6013, tabaka nne tano, unaweka chuma laini chenye hewa ya haidrojeni ndani yake, na ufa utakuja tu. Kodi inveta ya DC au jenereta ya kuchomelea kwa siku hiyo.

Fimbo ipi iende wapi

Kwa mawe yaliyolipuliwa, yenye pembe na kipigo, kama itale ya Lugoba au mawe meusi ya Mlolongo kule Kenya, ninaweka kundi la 6 kwenye meno, mdomo na kingo za mashavu. Ndani ya baketi, sakafuni na kwenye kisigino kinachoburuzwa chini, naweka kundi la 10. Kwa Kimarekani ni familia ya EFeCr. Mashine ikiwa kwenye mchanga tu, haigusi mwamba, kundi la 10 linaweza kupanda hadi mdomoni.

Zipo fimbo za kabaidi ya tungsteni, zile nzito, bomba dogo la chuma lililojazwa punje. Punje hizo zinapita Vickers 2,000. Zinafaa visu vya kuchimbia udongo wenye mchanga mkali, skrubu za kutobolea ardhi, mahali pasipo na kipigo. Kwenye kijiko cha machimbo ni kutupa hela.

Sproketi, rola na viungo vya cheni ya tingatinga vina sheria yao, na mafundi wengi hawaijui. Humo usiweke kabisa kundi la 10 wala la 6. Ukivika sproketi ugumu wa 60, utakuwa umetengeneza tupa: haitalika yenyewe, italika cheni, na cheni ni ghali mara nyingi kuliko sproketi. Jenga kwa fimbo ya Brinell 300 hadi 350, saga umbo lilingane na jino jipya, basi.

Vipo pia vitu ambavyo mimi sivichomelei hata nikilipwa. Tundu za pini za baketi zinataka kuchongwa na kuwekwa bushi mpya, si kuvishwa. Kisu cha greda ni chuma chenye kaboni nyingi, ni bora kukigeuza upande wa pili kisha kununua kingine. Na jino dogo la kuchomeka likishaisha, litoe uweke jipya. Ukitaka kulivika, livike likiwa jipya kabla halijaingia kazini. Kinachostahili fimbo zako ni kile kinacholishika jino, ile adapta, maana ikiisha adapta baketi nzima iko gereji.

Hesabu kabla ya kununua

Mwenye mashine atakuuliza kilo ngapi, na jibu la "tuone kwanza" linampa wasiwasi. Tuseme mdomo una urefu wa sentimita 120, unataka kuvika upana wa sentimita 8, mistari ifunike nusu ya eneo, unene milimita 4. Sentimita 120 mara 8 ni 960. Nusu yake ni 480. Mara unene wa sentimita 0.4 ni sentimita 192 za ujazo. Kila sentimita ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu gramu 7.85, hivyo ni kilo moja na nusu ya chuma kilichobaki juu ya baketi. Lakini kilo ya fimbo haiachi kilo ya chuma: kuna magamba, cheche, na vile vipande vinavyobaki kwenye koleo. Ninahesabu kwamba theluthi inapotea. Nunua kilo mbili na nusu. Pakiti nyingi ni za kilo 5, kwa hiyo moja inatosha mdomo na sehemu ya mashavu.

Chukua unene wa milimita 4 kwa kazi kubwa na 3.2 kwa kingo na meno. Angalia tarehe na angalia ganda. Fimbo yenye ganda lililopasuka au lililovimba iache dukani.

Kabla ya kuwasha

Shusha baketi chini, zima mashine, funga matairi au cheni. Toa waya za betri, na kwa mashine mpya zenye kompyuta chomoa soketi ambazo kitabu cha mashine kinataja. Kisha funga klipu ya ethi kwenye baketi yenyewe, karibu na pale unapochomelea, juu ya chuma kilichosagwa kikang'aa. Niliwahi kuifunga kwenye fremu chini kwa sababu waya haukufika. Umeme ukatafuta njia kupitia pini na bushi za mkono, na tulipozifungua miezi michache baadaye zilikuwa na vishimo vyeusi kama meno yaliyooza.

Toa hadifesi ya zamani iliyopasuka. Moto wa gesi hautaikata ile yenye kromu, usihangaike nao. Grinda, au fimbo maalumu ya kuchimbia chuma kwa moto wa umeme, ndiyo njia. Saga mpaka uone chuma kizima, kisha ziba nyufa za chuma cha chini kabla ya kuvisha.

Kausha fimbo. 7018 iliyokaa wazi kwenye hewa ya Pwani wakati wa masika ni sifongo. Inataka nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili kwenye oveni, kisha ikae kwenye kisanduku chenye joto mpaka iingie kwenye koleo. Fimbo za kuvishia nyingi zinataka joto la chini kuliko hilo. Kiwango kiko kwenye pakiti, kifuate. Kuzianika juani juu ya bati hakukaushi kitu zaidi ya karatasi ya pakiti.

Sasa kupasha chuma. Chuma laini kinahitaji kuondolewa ubaridi na unyevu tu. Meno na adapta za aloi nazipeleka nyuzi 150 hadi 200. Kama huna kipimajoto cha bunduki, chukua waya wa kuunganishia redio, ule wa bati na risasi, uondoe moto, uguse chuma. Ukiyeyuka, umefika karibu nyuzi 185, acha. Manganizi usiipashe, isipokuwa kuondoa umande.

Kaa upande upepo unakotoka. Moshi wa fimbo hizi una kromu na manganizi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2017 liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Barakoa ya kitambaa haikulindi hapo. Tafuta yenye kichujio, na usivishe ndani ya baketi huku umeinamia moshi wako mwenyewe.

Mistari ielekee wapi

Hili linabadilisha maisha ya baketi karibu sawa na fimbo yenyewe, na ni bure. Mawe makubwa: mistari ilale sambamba na njia ya mawe, kutoka mdomoni kuelekea ndani, ili jiwe liteleze juu yake kama gari la moshi juu ya reli bila kugusa chuma cha chini. Mchanga: mistari ikate njia, kwa upana wa baketi. Mchanga unajaa kati ya mstari na mstari, unabanana pale, na kuanzia hapo mchanga unasaga mchanga huku chuma chako kimelala chini yake. Vitu mchanganyiko, mawe na udongo: piga miraba kama ya wavu, mistari ya huku na huku. Kadiri mzigo ulivyo laini ndivyo miraba iwe midogo. Kwenye udongo mimi huanzia sentimita tatu hivi.

Pale penye kipigo, au pale ambapo unaogopa joto, weka vitone. Kitone kikubwa kama kizibo cha soda, kisha ruka, weka kingine. Vinapoza haraka na havivuti sahani ikapinda.

Moto na kupoza

Fimbo ya 3.2 ninaifanyia kazi kati ya ampea 90 na 130, ya 4.0 kati ya 130 na 170, nikianzia chini. Sababu si woga. Kadiri unavyounguza kwa nguvu ndivyo chuma cha chini kinavyoyeyuka na kuingia kwenye tabaka lako, na tabaka la kwanza kwa kawaida huwa na karibu theluthi ya chuma cha chini ndani yake. Ile 60 ya kwenye pakiti unaipata tabaka la pili. Kwa hiyo ampea ndogo, mwale mfupi, na kila mstari ulalie theluthi ya mwenzake pale unapofunika eneo lote. Usishangae pia inveta iliyoandikwa 400 ikihema kwa fimbo ya 4.0. Jaribu kwenye kipande cha chuma chakavu kwanza.

Kundi la 10 likianza kupoa utalisikia: ta, ta, ta, kama mahindi yanayokaribia kuwa bisi. Ukitazama kuna nyufa nyembamba zinazokata mstari, kila baada ya sentimita moja au mbili. Mara ya kwanza niliposikia nilisimamisha kazi. Hizo si kosa. Tabaka linajipunguzia mvutano, na nyufa za kukata mstari hazina madhara zikiishia kwenye tabaka la chini lililo laini. Ufa wa kuogopa ni ule unaotembea kando ya mstari, kwenye mpaka wake na chuma cha chini. Huo unasema tabaka linabanduka: saga, rudia, na safari hii weka tabaka la kati.

Meno na adapta za aloi zifunike kwa mchanga mkavu au majivu zipoe taratibu, hata kama opareta amesimama na ufunguo mkononi. Manganizi ni kinyume chake kabisa. Mistari mifupi, hama upande kwa upande, na ukiona joto linapanda, mwaga maji. Wapo wanaolitumbukiza taya la krasha ndani ya pipa la maji na kuchomelea uso unaobaki nje, na wako sahihi.

Baada ya kukabidhi

Mwambie opareta aandike masaa ya mashine siku ulipovisha. Rudi baada ya masaa 50 uangalie, mara ya kwanza kwa mashine hiyo. Mistari ikiwa imebaki nusu ya urefu wake, vaa miwani uongeze tabaka siku hiyo hiyo. Ukisubiri mpaka iishe utaanza tena na kujenga, na kujenga ndiko kunakokula kilo. Mimi huweka pia kitone kimoja cha kundi la 6 katikati ya sakafu ya kundi la 10, na kimoja cha 10 kwenye kona ya mdomo, nikivizungushia alama ya patasi. Jiwe la mahali hapo linanionyesha lenyewe lipi linadumu wapi, na pakiti ninayonunua safari ijayo inategemea vitone hivyo viwili.